Mkunjo uliomeza "USI"

Haya ni maneno niliyosema mbele ya akina mama na wasichana wa kikundi chetu cha kushona, hapa Lamu, Jumamosi baada ya Alasiri, katika ukumbi wa nyumba moja ya Langoni. Wenzetu wa Faza hawakuwahi. Mashua yao ilikwama kwenye mkondo wa Mkanda maji yakiwa yamekupwa, wakafika tumeshakunja mikeka, wakaomba niwaandikie. Nimeandika kama yalivyotoka kinywani, ila vicheko nimevipunguza.

Assalaam aleikum warahmatullah.

Mama zangu, shangazi zangu, dada zangu, na nyinyi wasichana mliojibanza kule mlangoni mkidhani siwaoni: karibuni nyote.

Nimeitwa nizungumze juu ya mifarishi, haya matandiko yetu ya viraka yenye pamba katikati. Nilipouliza kitu gani hasa cha mifarishi, nikajibiwa, "Yale makunyanzi ya chini." Nikacheka peke yangu njia nzima mpaka nyumbani. Katika mambo yote ya cherehani, hilo ndilo somo nililolilipia ada kubwa zaidi.

Niwaulize. Nani hapa amewahi kushona mfarishi, akautazama uso wake akasema mashaallah, kisha akaugeuza, akanyamaza? Inueni mikono, hapa hakuna mume wa mtu. Haya, naiona. Na ambao hamkuinua, ama hamjashona mfarishi, ama hamjaugeuza.

Nianze na aibu yangu, ili za kwenu ziwe nyepesi.

Mpwa wangu alipokuwa aolewe, nilijitolea kumshonea mfarishi wa kitanda cha sita kwa sita. Uso niliupanga viraka vya vitenge na leso kuukuu za marehemu mama yake, kwa hivyo mnaelewa nilivyoutilia moyo. Kwa mgongo nikaona niweke kitu kipya. Nikanunua leso doti mbili, vipande vinne vya jina moja, nikaviunga vikawa kitambaa kimoja kikubwa. Jina lenyewe mnalijua: USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Nikasema, hilo ni neno jema kwa bibi arusi. Kila mtu na nyota yake.

Nikashona usiku na mchana. Uso ulitoka umelala kama maji ya alfajiri. Siku ya kupeleka vyombo, mfarishi ukafunguliwa mbele ya wanawake wa pande mbili, vigelegele vikapigwa. Palikuwa na bibi mmoja wa upande wa bwana arusi, mtu wa Mkomani, miaka themanini na kitu. Hakuugusa uso. Aliushika pembeni, akaugeuza, akaanza kuusoma mgongo kwa kidole. Jina la kwanza, sawa. La pili, sawa. La tatu, sawa. La nne lilikuwa limepitiwa na mkunjo wa vidole viwili, nimeushindilia kwa mishono bila kujua, na mkunjo ule ulikuwa umemeza herufi tatu za mwanzo. Someni wenyewe kilichobaki.

SAFIRIE NYOTA YA MWENZIO.

Mbele ya mabibi wa upande wa pili! Leso tatu zinamkataza bibi arusi, ya nne inamruhusu!

Walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Yule bibi hakucheka. Aliniita nikakaa karibu naye, akaniambia kwa Kiamu chake, "Mwanangu, mato yako yako yuu, na taabu iko tini." Macho yako yako juu, na taabu iko chini. Sijapata kufundishwa ushoni kwa maneno machache kuliko hayo.

Sasa tuulizane: kunyanzi hutoka wapi? Miaka ile ningewajibu kwamba hutoka kwenye cherehani. Niliilaumu cherehani yangu, nikaipeleka kwa fundi ikarudi, nikailaumu tena. Aliyenifungua macho ni fundi wa matanga, mzee tuliyekuwa tukimpitia akishona tanga chini ya mwembe. Nilimwonyesha mfarishi mwingine wenye ugonjwa ule ule. Akauliza, "Kwani wewe wataka upepo uingie humu?"

Akanieleza. Tanga likishonwa bapa kabisa halivuti chombo vizuri. Kwa hivyo yeye, anapoliunga tanga kwenye kamba ya ukingo, huacha kitambaa kiwe kirefu kidogo kuliko kamba. Ule urefu wa ziada hauna pa kwenda, basi hutoka nje, na tanga hupata tumbo. "Mimi natafuta tumbo," akasema, "na wewe unalipata bila kulitafuta."

Mmesikia hilo? Kunyanzi ni urefu wa ziada usio na pa kwenda. Ukishona vitambaa viwili pamoja, kimoja kirefu na kimoja kifupi, kile kirefu lazima kijikunje mahali. Hakina njia nyingine. Na mfarishi ni vitu vitatu: uso, pamba katikati, na mgongo. Vitatu hivi visipokuwa na urefu mmoja wakati sindano inapita, kimoja kitakunja. Uso unauona, utaurekebisha. Pamba haionwi na mtu. Mgongo uko chini kwenye meza, gizani, unafanya upendavyo.

Kwa hivyo mkunjo ulioukuta leo kwenye mgongo wa mfarishi wako haukuzaliwa leo. Ulizaliwa siku ile ulipotandika sakafuni. Cherehani iliufunga tu.

Basi twende sakafuni, maana huko ndiko kwenye kazi.

Nilipojua kwamba ulegevu wa kitambaa ndio adui, nilifanya nini? Nikaruka upande wa pili. Nikatafuta marekani, nikaibandika sakafuni kwa utepe wa kubandika, nikaivuta kama mtu anayewamba ngoma. Ukiipiga kidole inalia! Nikajisifu. Nikaweka pamba, nikaweka uso, nikapiga bandi, yaani mishono ya muda ya kuvishikiza pamoja, nikabandua utepe. Na marekani ikafanya nini? Ikarudi nyuma kwenye urefu wake. Nilikuwa nimeivuta, na kitambaa kilichovutwa kinakumbuka kilikotoka. Uso na pamba vikawa virefu, mgongo ukawa mfupi, na mfarishi mzima ukajikunyata kama samaki mkavu.

Kwa hivyo neno langu la leo, lichukueni hata kama mengine yote mtayaacha kwenye mkeka huu: tandika, usiwambe. Godoro hutandikwa shuka, ngoma huwambwa ngozi. Mgongo wa mfarishi ni wa kutandikwa. Tandika, usiwambe.

Utajuaje umepatia? Weka kiganja katikati ya kitambaa, kisukume polepole kwenda mbele. Wimbi likikimbia mbele ya mkono wako, ni kilegevu. Bandua utepe wa upande mmoja. Kitambaa kikikurukia kurudi ndani, umekiwamba. Kikitulia pale pale, umepatia, endelea. Ni jambo la dakika moja, na litakuokolea siku tatu za kufumua.

Na mpangilio? Mgongo kwanza, upande wake mbaya ukitazama juu. Bandika katikati ya kila upande kabla ya pembe. Ukianza na pembe, unakisukuma kitambaa kwenye mshazari, na mshazari, yaani hanamu, ndio upande unaonyooka kupita kiasi. Chukueni leso mliyojitanda, ivuteni kwa mtande, nyuzi za urefu: haiendi. Ivuteni kwa mshindio, nyuzi za upana: haiendi sana. Sasa ivuteni kwa hanamu. Mmeona? Imekuwa kitu kingine. Hivyo ndivyo mgongo unavyopotea umbo bila mkasi kuugusa.

Acha ziada. Mgongo uwe mkubwa kuliko uso kwa sentimita 10 hivi kila upande, kwa sababu vitu hivi vitatu hutembea kidogo wakati wa kushona, na mgongo usipokuwa na pa kutembelea utavutwa ndani. Kwa mfarishi wenye mita 2 na sentimita 20 kila upande, mgongo unataka mita 2 na sentimita 40. Na hapa nyumba zetu zinatubana. Mnajua kwa nini vyumba vya nyumba za mawe ni vyembamba? Boriti za mkoko. Boriti haikuweza kubeba dari pana, kwa hivyo chumba hakifiki mita 3 kwa upana. Mgongo wa mita 2 na 40 unaingia, lakini wewe mwenyewe utapita wapi? Mimi hutembea ukutani kama kaa. Ndiyo maana nawaambia mje hapa ukumbini, tuondoe viti, tutandike pamoja wanne wanne, kila mtu upande wake.

Ila msitandike juu ya mkeka, tafadhali. Kitambaa huzama kwenye ukili, na vikwasi, zile pini za kufunga, hushika ukindu. Najua mnachokitaka, mnataka niseme. Ndiyo, nimewahi kumaliza kupiga bandi, nikainua mfarishi, mkeka ukaja nao. Sakafu tupu, iliyofagiwa.

Nimetaja marekani, nami siwezi kupita bila kuisemea, maana wasichana hawa huinunua bila kujua jina lake limetoka wapi. Karne ya 19 wafanyabiashara wa Salem, mji wa Massachusetts huko Marekani, walikuwa wakileta Unguja pamba iliyofumwa, isiyopaukishwa. Mkataba wa biashara kati ya nchi yao na Sultani Seyyid Said ulitiwa saini mwaka 1833. Nguo ile ikaenea pwani nzima na bara, ikabeba jina la nchi ilikotoka. Vita vyao wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, pamba yao ikaadimika, viwanda vya Uingereza na Bombay vikajaza pengo. Jina likabaki lile lile. Leo ya dukani huenda imefumwa popote, sisi bado tunasema "nipimie marekani". Kwa mgongo wa mfarishi ni nzuri: imetulia, haitelezi kama hariri, haina rangi ya kuchuja. Tatizo lake moja, na la leso mpya pia: zimejaa wanga wa kiwandani. Fua kwanza. Pamba ambayo haijafuliwa inaweza kupungua sentimita 3 hadi 5 kwa kila mita. Ukishona mgongo ambao haujafuliwa na uso wa leso kuukuu ambazo zimefuliwa mara mia, siku ya kufua mfarishi mgongo utapungua peke yake, na wewe utakuja kwangu kuuliza makunyanzi yametoka wapi wakati ulishona sawasawa.

Ukingo wa kitambaa, ule uliofumwa kwa kukaza kuliko sehemu nyingine, ukate kabla ya kuunga vipande viwili. Ukiuacha ndani ya mshono, utauvuta mshono wote. Mshono wenyewe ufungue kwa pasi, nusu huku, nusu kule, usiwe na tuta. Hilo nalipita haraka, halina hadithi.

Kisha bandi. Mbinu ni mbili, chagua. Sindano na uzi mrefu, mishono mikubwa kama kidole, au vikwasi. Wengi wenu mnapenda vikwasi kwa sababu ni haraka. Sawa, lakini viwekeni kila upana wa kiganja. Si kila shubiri! Kiganja. Popote utakapoweka mkono wako, uguse kikwasi. Anza katikati, enda nje, ukilaza kwa kiganja kila unapokwenda, kama unavyolipangusa shuka la mgonjwa.

Hapa kuna mtu aliniuliza kabla hatujaanza: lazima tuanze katikati? Nimefurahi kuulizwa, maana jibu langu limebadilika.

Nilikuwa nikisema lazima. Kisha nikajua habari za Wasidi. Hawa ni watu wa India, wengine wao wako jimbo la Karnataka, wilaya ya Uttara Kannada, na asili yao ni Afrika. Wazee wao walivushwa bahari hii hii mnayoiona kutoka gatini, wengi wao utumwani. Wanawake wao hushona mifarishi ya viraka inayoitwa kawandi. Mgongo wake mara nyingi ni sari kuukuu. Na hawaanzi katikati hata kidogo. Huanza pembeni, wakazunguka ukingo kiraka baada ya kiraka, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka wanafika katikati. Kwenye pembe huongeza vipande vidogo vilivyokunjwa wanavyoviita phula, maua, na bila maua hayo mfarishi kwao uko uchi.

Sasa kwa kanuni yangu, mifarishi ile ingejaa tumbo katikati, ziada yote imesukumwa ndani. Mbona haijai? Kwa sababu wanashona kwa mkono. Kila kiraka kinalazwa peke yake kwa wakati wake, na mkono mmoja uko juu, mwingine uko chini unapapasa sindano inapotoka. Mkono wa chini ndio macho. Mgongo hauna dakika hata moja ya kukaa gizani. Kwa hivyo, mama uliyeuliza, ukishona kwa mkono, anza utakapo. Ukishona kwa cherehani, huna mkono chini, basi anza katikati uipe ziada njia ya kutokea nje.

Tufike kwenye cherehani yenyewe, maana nimeitoa kwenye lawama lakini si malaika.

Chini ya mguu wa cherehani kuna meno. Meno yanasogeza kitambaa cha chini. Cha juu kinasuguliwa na mguu, kinachelewa. Kwa gauni la tabaka mbili hutaona tofauti. Kwa mfarishi mnene tofauti ni kubwa: kila msitari unasukuma kitu mbele kidogo, na ukifika kwenye msitari uliokwisha kushonwa, kile kilichosukumwa kinakutana na ukuta. Ndiyo maana mikunjo mikubwa hukaa kwenye makutano ya mistari. Iangalieni mifarishi yenu mtaona. Dawa yake ya kwanza ni ule mguu unaotembea, wenye meno yake juu, unaovuta uso sawa na chini. Wa kuazima ninao mmoja, na nimeanza kusahau uko kwa nani. Dawa ya pili ni bure: punguza uzito wa mguu kwa ile skrubu ya juu, ongeza urefu wa mshono ufike milimita 3, na mistari yote iende upande mmoja. Ukishona mmoja kwenda na wa pili kurudi, unaukunja mfarishi mshazari kama mtu anayekamua nguo.

Kuna makunyanzi ya namna nyingine, madogo madogo, yanafuata kila mshono kama nyayo za kuku. Hayo hayatoki sakafuni. Hayo ni uzi uliokazwa mno. Legeza. Msichanganye magonjwa haya mawili, maana mtu atafumua bandi yote kumbe tatizo lilikuwa nusu mzunguko wa skrubu.

Na uzito! Jirani yangu mmoja alikuwa akitandika vizuri kuliko mimi, na bado mgongo wake ulikunja. Nikaenda kumtazama akishona. Cherehani yake ya mguu iko dirishani, kimeza chake kama sinia. Nusu ya mfarishi imekaa mapajani, nusu imening'inia mpaka sakafuni, na paka amelala juu yake. Uzito wote ule unauvuta uso nyuma wakati meno yanauvuta mgongo mbele. Tulisogeza meza ya kulia ikakaa kushoto, kiti nyuma, paka nje. Mfarishi uliofuata ulitoka safi. Basi kama huna meza, kuna watoto. Mtoto mmoja ashike mbele, mwingine nyuma, wawe wanautembeza kama jeneza, taratibu. Hesabu zao za shule watafanya usiku.

Na kila ukimaliza msitari mmoja, geuza. Ukimaliza wa pili, geuza. Mimi nilishona mistari yote ya mfarishi wa arusi bila kugeuza hata mara moja, na baba yangu alikuwa mshona kofia! Nimekua nikimwona mtu anayekuja kununua kofia ya vito, ile ya kudarizi, akiigeuza ndani kabla ya kuijaribu kichwani, na baba akimtazama bila wasiwasi. Nimeyaona hayo utoto wangu wote, na bado sikugeuza.

Haya. Umegeuza, umekuta mkunjo. Utafanya nini? Hapa nisikilizeni vizuri, maana ndipo watu wanapoharibu zaidi.

Kwanza usifumue. Kaa. Tia mfarishi taa, upapase. Kunyanzi lisilozidi upana wa punje ya mchele, liache. Ukiufua mfarishi wenye pamba halisi ndani, unajikunja kidogo wote, na kunyanzi lile utalitafuta usilione. Nimeona watu wamefumua kunyanzi la punje wakatoboa shimo la ngumi.

Mkunjo mkubwa, ule unaoshikika kwa vidole, ufumue. Lakini usifumue pale mkunjo ulipo tu. Ziada ile ulikuwa huna pa kuiweka, na bado huna, mpaka uipe nafasi. Pima shubiri moja kila upande wa mkunjo, ufumue mishono yote ndani ya eneo hilo. Kata mshono mmoja kila baada ya mishono mitatu upande wa mgongo, kisha geuza uvute uzi wa juu, utatoka mzima. Usivute kwa hasira. Alama za sindano zitajifunga zikipata maji.

Kisha gawanya. Weka kikwasi kimoja katikati ya ziada, kimoja katikati ya kila nusu, tena katikati ya kila robo. Ule mkunjo mmoja wa vidole viwili sasa umekuwa vilegevu vinane visivyoonekana. Nyunyiza maji kidogo, weka kitambaa, bonyeza kwa pasi bila kuburuta. Kama ndani umetia pamba ya roli ile ya plastiki, pasi iwe ya vuguvugu, ama utaigandisha. Halafu shona tena, uso juu, mgongo chini, ziada ikiwa upande wa meno. Meno hula ziada. Ukiigeuza ziada ikawa juu, mguu utaisukuma irudi kuwa mkunjo ule ule.

Sauti nyuma kule inauliza juu ya usufi. Usufi mama, ni mzuri kwa mto. Ndani ya mfarishi hukimbia na kufanya mabonge, na bonge likikaa chini ya mshono mgongo hauwezi kulala. Ukiwa huna pamba ya roli, blanketi kuukuu jembamba ni bora zaidi.

Na ikiwa ziada imezidi, hailiwi? Basi usipigane nayo. Uulaze mkunjo upande mmoja, unyooke, uushone kwa mkono kwa mishono ya kujificha. Au uufunike kwa kiraka cha umbo, jani au jahazi. Kiraka kimoja ni kasoro. Vitatu vilivyopangwa ni nakshi, na hakuna atakayekuuliza.

Mnataka kujua wa mpwa wangu uliishia wapi. Nilitaka kuufumua siku ile ile, akakataa, akaenda nao kwa mumewe kama ulivyo. Akaulalia miaka, akaufua, akauanika juani darini. Mwaka jana akaniletea mwenyewe, mistari imeanza kukatika. Nikafumua shubiri huku, shubiri kule, nikaufungua mkunjo. Leso nzima ilikuwa imepauka, maandishi yamekuwa kama moshi. Lakini zile herufi tatu zilikuwa zimelala gizani miaka yote hiyo, hazijaona jua wala kusuguliwa. Zilitoka nyeusi kama siku ya dukani. Sasa ukiusoma mgongo ule kwa mbali, unaona neno moja tu, linapiga kelele: USI.

Mfarishi wenyewe ni ule pale, kwenye kiti cha enzi. Nimeuleta muupapase. Mstari wa mkunjo bado uko, hautoki kwa pasi, msinisumbue.

Sasa kila mtu atoe wake. Wekeni chini, sakafuni, mgongo juu. Wasichana, kunjeni mkeka huo wa kati. Wewe mama wa leso ya manjano, ulikuwa wa kwanza kuinua mkono. Tuanze na wako.